Nyota Ambayo Haijatolewa Nje

Ukimuuliza Mwalimu wa Sayansi kama nje kuna baridi, kwanza alitoa mkono dirishani. Nazungumzia Iringa, mwezi wa Juni, asubuhi ambazo hata mbuzi hugoma kutoka zizini. Sisi wengine tulijua kuna baridi kwa sababu tulikuwa tunatetemeka. Yeye alitetemeka kutushinda, ila kutetemeka kwake mwenyewe hakukumtosha kuwa ushahidi. Aliuacha mkono nje kidogo, akaurudisha, akautazama kama mkono wa mtu mwingine, kisha akasema, "Inaelekea."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Mkewe alipenda kutusimulia kwamba siku ya harusi yao, mchungaji alipomuuliza kama anamkubali bibi harusi, alinyamaza muda mrefu hadi wasimamizi wakaanza kukohoa. "Alikuwa anapima," mama yule alisema, akicheka na kushika ubavu. "Mimi nimesimama pale na shela, mwenzangu anapima."

Tulifundisha pamoja katika shule ya kati iliyokuwa juu ya kilima, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Kalenga. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali mabichi, kiasi kwamba nilijua lini jirani anakula maharage na lini amepata nyama. Wanafunzi walituita kwa masomo yetu: yeye Mwalimu wa Sayansi, mimi Mwalimu wa Kiingereza. Mimi ndiye niliyeonekana msomi, maana nilikuwa nangojea nafasi ya kwenda chuo kikuu Kampala, na tayari nilikuwa nimenunua kiko. Sikuwahi kufanikiwa kukiwasha, lakini nilikishika vizuri.

Jambo moja niliseme mapema, maana bila hilo mengine yote yatabaki vichekesho. Katika nyumba ile walikuwa wamezika watoto wawili, wote wawili kabla hawajatolewa nje. Kwa watu wa nyumba ile, mtoto akizaliwa hukaa ndani mpaka kitovu kikatike na mama apate nguvu. Siku hizo hatajwi. Ukipita ukasikia kilio, hujasikia. Ukilazimika kabisa kusema, utasema kuna mgeni. Kisha, asubuhi moja, bibi humchukua, humvusha kizingiti, humwonyesha jua na watu, na tangu hapo ndipo huhesabiwa kuwa amezaliwa. Wale wawili hawakufika kizingitini. Kwa hiyo hawakuwa na majina, hawakuwa na matanga makubwa, na mama yao alirudi shambani bila mtu kujua ampe pole ya nini. Kilichotakiwa katika nyumba ile hakikuwa cheo wala bati jipya. Alitakiwa mtoto mmoja wa kuvuka mlango.

Sasa nirudi kwenye darubini.

Aliachiwa na mmisionari mmoja mzee aliyerudi kwao. Miguu yake mitatu ilikuwa imeliwa na mchwa, likabaki bomba la shaba la kuchungulia ubavuni, refu kama mkono wa mtu mzima na zaidi, pamoja na rundo la magazeti ya elimu ya nyota. Mwalimu alitafuta kitu kizito, kisichoyumba, cha kulisimamisha bomba lile, na baada ya kupima kila kitu kilichokuwemo nyumbani, aligundua kwamba hakuna kilichofaa kushinda kinu cha mkewe. Jioni, baada ya chakula, alikiburuta kinu hadi uani, akalitia bomba ndani yake, akalibana kwa vifuko vya pumba za mahindi. Ukitaka kulielekeza juu zaidi unatoa pumba. Ukitaka kulishusha unaongeza.

"Baba, kinu changu," sauti ilitoka jikoni.

"Nusu saa tu, mama."

"Jana uliomba nusu saa hiyo hiyo."

"Jana kulikuwa na wingu."

"Wingu linanitwangia mahindi?"

Alichokuwa anakitazama ni nyota moja tu. Watu wote wa huku wanaijua Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wazee hulitegemea kujua majira ya kulima. Nyuma ya Kilimia hufuata nyota nyekundu, peke yake, kubwa. Karibu na hiyo nyekundu kuna mahali ambapo macho ya kawaida hayaoni chochote, na hapo ndipo ilipokuwa nyota yake. Ilikuwa na tabia mbaya. Leo imefifia, wiki ijayo imewaka, halafu inatulia kama mtu aliyeokoka, halafu inafifia tena, bila mpango na bila sababu. Mwalimu aliichagulia majirani wawili waliotulia, mmoja mwangavu zaidi yake na mmoja hafifu zaidi, na kila jioni kazi yake yote ilikuwa kujiuliza swali moja: leo imekaa karibu na nani? Akishaamua alichora alama ya chaki nyuma ya mlango wa jikoni, juu au chini, na kumrudishia mama kinu chake.

Mara kwa mara alinialika nisaidie, kwa kuwa jicho la pili ni shahidi wa pili. Nilikuwa shahidi mbovu.

"Unaiona?"

"Naiona. Leo imerefuka."

"Imerefuka?"

"Nyeusi, imepinda kidogo."

"Huo ni ukope wako, Mwalimu."

Magazeti yale yalisema kwamba nyota za namna ile huenda bado ni changa. Hazijakomaa. Nyota nyingi tunazoziona zimeshatulia. Zina moto wao ndani kabisa, moto wa haidrojeni, na zinauchochea bila haraka kwa muda mrefu usiofikirika, kama mama mwenye kuni za kutosha. Lakini kabla ya hapo, nyota ni wingu lililojikusanya, linalobanwa na uzito wake lenyewe, na tayari linang'aa ingawa moto wenyewe haujawashwa.

Hilo la mwisho lilimpa shida sana kulifundisha. Siku moja aliingia darasani na pampu ya baiskeli. Akaziba tundu kwa kidole gumba, akapampu kwa nguvu hadi jasho likamtoka, kisha akaipitisha wavulana waishike mwishoni.

"Ikoje?"

"Ya moto, Mwalimu!"

"Moto uko wapi?"

Wakaitazama pampu, wakamtazama yeye. Mmoja, ambaye baadaye alikuwa karani mzuri sana, akajibu, "Umeuficha, Mwalimu."

"Hakuna moto. Kuna kubanwa tu. Hewa ikibanwa, inapata joto. Nyota changa ni hivyo. Inajibana yenyewe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Jioni nilimfuata uani. "Sijaelewa," nilimwambia. "Nyota inatoa joto lake nje, kila siku. Kitu kinachotoa joto hupoa. Chai hupoa."

"Hii inatoa joto, inazidi kusinyaa, na kwa kusinyaa inazidi kupata joto ndani."

"Yaani kadiri inavyogawa ndivyo inavyozidi kuwa nacho? Kama mtu anayegawa chakula chake na kunenepa?"

"Hapana, anakonda," alisema. "Anakonda, lakini anazidi kuwa wa moto." Akafikiri. "Na mimi nikilisema hivyo silielewi vizuri. Nikilisoma naelewa."

Nimeishi na sentensi hiyo hadi leo. Chuo kikuu kilinipa shahada na joho, lakini kuhusu vitabu vingi nilivyosoma hali yangu ni hiyo hiyo, ila mimi sikuwa na ujasiri wa kuisema mbele ya watu.

Tatizo lilizidi magazeti yalipoanza kugombana. Moja lilisema nyota hizi ni changa, ndiyo kwanza zinatoka kwenye mawingu zilimozaliwa. Jingine, la zamani kidogo, lilikuwa na mtaalamu aliyesema siyo. Ni nyota za kawaida, zilizokomaa, ambazo katika safari zao zimepita kwenye mawingu ya vumbi, na vumbi hilo ndilo linalozifanya zifanane na watoto. Mwalimu alisoma huku, akasoma kule, akakubaliana na wote wawili, akakosa usingizi.

Ushahidi wake mkuu katika mjadala huu aliupata stendi ya mabasi. Basi la kutoka Mbeya lilipofika Iringa wakati wa kiangazi, abiria wote walishuka wakiwa wa rangi moja. Vumbi liliingia kwenye nyusi, nywele na masharubu; hata mtoto mchanga mgongoni alishuka na mvi. Siku hiyo Mwalimu alikwenda kupokea mzigo. Mzee mmoja akashuka, ameinama, nywele nyeupe, anajikongoja. Mwalimu akavua kofia, akainama kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Mwalimu, ni mimi!" mzee akalia. "Wa darasa la saba!" Alikuwa mwanafunzi wake, ameshikwa na ganzi ya miguu kwa safari ndefu, amekunjamana kwa aibu ya kuamkiwa na mwalimu wake.

Mtu mwingine angeificha habari hiyo. Yeye aliisimulia kwa walimu wote, kwa uzito, kama mtu anayetoa hoja. "Mimi niliyemfundisha miaka miwili, aliyesimama mbele yangu hatua moja, sikuweza kutofautisha ujana na vumbi. Hawa wataalamu wanatazama kutoka mbali kiasi gani?"

Mchungaji naye alimuuliza kama ni kweli anawafundisha watoto kwamba Mungu bado anaumba nyota, wakati Maandiko yanasema ilikwisha siku ya nne. "Ilikwisha, Mchungaji," alijibu. "Inaelekea kuna ambazo bado hazijafika." Mchungaji alikwenda zake akitikisa kichwa, na hakuna aliyejua kama ni kichwa cha kukataa au cha kicheko.

Msifikiri alikuwa mtu wa sayansi tupu. Hakuwahi kuliashiria boga changa shambani kwa kidole kilichonyooka, maana kwao ukiliashiria hivyo boga huoza. Alikunja kidole na kuonyesha kwa kifundo. Na nyota yake pia aliionyesha kwa kifundo. Nilipomcheka alinijibu, "Najua ni upuuzi. Lakini kukunja kidole si kazi kubwa." Aliwaambia wavulana wasiamini kitu kabla ya kukijaribu, na yeye mwenyewe hakupanda ngazi yoyote siku ya Ijumaa. Alipenda watu, na alisahau majina yao. Aliimba besi kanisani kwa sauti nzuri sana, lakini aliingia kila ubeti akiwa amechelewa, kama aliyekuwa anahakikisha kwanza kwamba wenzake hawajakosea.

Mama mkwe wake alikuwa mtu wa Kalenga, mwembamba, mnyoofu, na hakuwa na tabia ya kutembeatembea. Kwa hiyo niliposikia sauti yake upande wa pili wa ukuta, mwishoni mwa kiangazi kimoja, nilijua mara moja kwamba katika nyumba ile kuna mgeni njiani, na kwamba sitakiwi kujua.

Yeye na mkwe wake hawakutazamana wala kuzungumza uso kwa uso. Ndiyo iliyokuwa heshima. Mmoja akiingia, mwingine hugeukia ukuta. Maneno yalipitia kwa mtu wa tatu, na kwa kuwa mama mwenye nyumba alikuwa amelala, mtu wa tatu nikawa mimi. Jioni moja niliitwa nikakaa kwenye kigoda katikati ya chumba. Mkono wa kulia, mama mkwe, ametazama jikoni. Mkono wa kushoto, Mwalimu wa Sayansi, kwenye benchi, ametazama kalenda ya mwaka uliopita.

"Kamwene, mwanangu," mama mkwe alinisalimu.

"Kamwene, mama."

"Muulize mwenzio huyo, lile bomba anatazama nini?"

Nikageuka. "Mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ni nyota."

"Amesema mwenyewe, mama, umesikia."

"Mimi sijasikia kitu. Mimi siongei na ukuta."

"Ni nyota, mama."

"Nyota gani? Hizi za siku zote?"

Mwalimu aliikoholea kalenda. "Mwambie hii ni changa. Bado imo kwenye vumbi ilimozaliwa. Haijatulia."

Nikalipeleka jibu hilo upande wa kulia, na mara tu nilipolitamka nikaona uso wa mama ukibadilika. Jikoni chungu kilichemka.

"Haijatolewa nje?" aliuliza.

"Mama?"

"Muulize. Hiyo nyota iko bado ndani, haijatolewa nje, na yeye anaichungulia? Kila siku? Na bomba?" Sauti yake haikupanda. "Tena analiweka kwenye kinu cha mwanangu?"

Sikuwa na haja ya kuuliza. Mwalimu alikuwa ameacha kuitazama kalenda; alikuwa anatazama sakafu.

"Muulize la mwisho, mwanangu. Wale wawili walipokuwa ndani, alikuwa anachungulia?"

Hapo ndipo nilipomsikia, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ujirani wetu, akijibu bila kupima.

"Mwambie ndiyo," alisema.

Mama mkwe akainuka. "Basi mimi nimeshasema. Nyumba si yangu." Akaingia chumbani kwa binti yake.

Tulitoka nje mimi na yeye. Ilikuwa jioni safi ya Oktoba, Kilimia imeshapanda juu ya miti ya mikaratusi na ile nyekundu inaifuata, na bomba limesimama kinuni, limeelekea pale pale.

"Hakuna uhusiano wowote," alisema Mwalimu.

"Hakuna kabisa," nikasema mimi. Nilikuwa na kiko mdomoni.

"Nyota haijui kama inatazamwa. Mwanga ulishatoka huko zamani sana."

"Basi endelea kutazama."

"Na kama upo?"

"Nini?"

"Uhusiano."

"Haupo, Mwalimu. Wewe ndiye wa Sayansi."

"Ndiyo maana nauliza. Nimetazama mara mbili, na mara mbili tumezika. Kama ingekuwa pampu na joto, ningewaambia wavulana nini? Ningewaambia: sasa acheni kupampu, tuone."

"Basi acha, uone."

"Nikiacha, na mtoto akiishi, nitakuwa nimejua nini? Wapo wengi wanaoishi. Na nikitazama, na akiishi, nitakuwa nimejua. Lakini hilo si jaribio la kumfanyia mtu. Na hasa si la kumfanyia yule aliyelala mle ndani."

Nilijitolea kutazama badala yake, ili alama za chaki zisikatike katika miezi ile mizuri ya anga. Alilifikiria pendekezo langu kwa makini mno. "Ukitazama wewe kwa niaba yangu," aliuliza, "atakuwa ametazama nani?" Tukalizungusha swali hilo mpaka likatushinda. Halafu, ukizingatia na ukope wangu, tukaliacha.

Alilitoa bomba, akalifunga kwenye blanketi, akalilaza juu ya dari. Kinu akakirudisha jikoni. Tangu siku hiyo jioni alitembea uani ameinamisha kichwa, kama mtu aliyedondosha sindano, akihofia hata kuinua macho kwa bahati mbaya. Lakini mezani kwake shuleni magazeti yalikuwa wazi. Aliniambia kwamba kusoma si kutazama. Kesho yake akaniuliza kama nadhani kusoma ni kutazama. Kesho kutwa akayafunga na yenyewe. Nilimwona mtu akijivua elimu yake kipande kwa kipande, na kila kipande akikivua kwa hoja nzuri ya kielimu, na sikuweza kuamua kama ninamwonea huruma au wivu.

Kilio nilikisikia alfajiri, kupitia ukutani. Kwa hiyo sikukisikia. Shuleni nilimkuta amevaa shati ndani nje, macho mekundu.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Wote wazima?"

"Wote wapi? Niko mimi na mama."

"Ndiyo, nyinyi wawili."

"Sisi wawili, wazima," alisema, na chaki ikamvunjikia mkononi.

Zilifuata siku ambazo nilijifunza kulala kwa sikio moja. Kukiwa na kilio nililala. Kukiwa kimya niliamka. Upande wa pili wa ukuta, najua, kulikuwa na mtu mwingine aliyeamka kwa sababu hiyo hiyo. Kisha ilikuja asubuhi ambapo mama mkwe alivuka kizingiti na kifurushi cha kanga, na wanawake wa nyumba za walimu, ambao wote kwa wiki kadhaa walikuwa hawajui kitu, wakapiga vigelegele kwa mkupuo mmoja kama waliokuwa wamefanya mazoezi. Alikuwa msichana. Alilitazama jua akapiga chafya. Mwalimu alisimama nyuma kabisa ya watu, mikono imefungwa mgongoni. Nilikwenda kumpongeza, akaniuliza kwa kunong'ona, "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Anapumua?"

"Nenda ukamtazame mwenyewe, baba wee!"

"Nangoja kidogo," alisema.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi yangu, nikaenda Kampala. Yeye akahamishiwa shule ya Mbeya, chini ya mlima. Tuliandikiana salamu, lakini barua zake zilijaa "huenda" kiasi kwamba sikujua kama yuko mzima au la.

Huko chuoni sikusoma nyota, nilisoma fasihi, lakini siku moja nilimvizia mhadhiri wa fizikia kwenye foleni ya chai nikamuuliza kuhusu zile nyota zisizotulia. Akanieleza, huku sukari ikimmwagikia, kwamba mjadala karibu umekwisha. Nyota hizo hukutwa katika makundi pamoja na nyota nyingine ambazo uchanga wake hauna shaka. Si wazee waliopita kwenye vumbi. Ni changa kweli, bado zinasinyaa, bado hazijafika kwenye maisha yao ya utulivu. Nilifurahi kama niliyeigundua mimi. Likizo ilipofika, karibu na mwisho wa miaka ile ya hamsini, nilipanda mabasi siku kadhaa, nikapita Iringa bila kukaa, nikashuka Mbeya nikiwa na mvi za barabara nzima, nikibeba habari ile kama mtu anayebeba zawadi ya harusi.

Nyumba yake niliionyeshwa na wanafunzi. Alitoka mlangoni, amekonda kuliko zamani, akanishika mikono yote miwili. "Ndaga, ndaga," alinishukuru kwa lugha ya huko, "karibu, Mwalimu, karibu," na nyuma yake alitokea msichana mwenye mbio, magoti yana majivu, akanitazama, akasema, "Huyu mchafu!" akarudi ndani kwa mbio zile zile. Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa. Pembeni ya dirisha bomba la shaba lilikuwa limeegemezwa, limepigwa msasa, linang'aa. Alikuwa ameanza kutazama tena tangu mtoto alipoanza kutembea.

Sikungoja hata maji ya kunawa. "Ni changa," nilimwambia. "Wamekubaliana. Si vumbi. Ulikuwa unatazama nyota changa miaka yote ile."

Nilitegemea furaha. Yeye alitazama haraka kuelekea jikoni, kisha akaishusha sauti. "Kumbe," alisema.

Ndipo nilipomsikia mtu akikohoa huko ndani, kikohozi chembamba, kinyoofu, cha Kalenga. Nikaelewa kwamba nimefika siku mbaya, au siku yenyewe. Mama mkwe hakuwa mtu wa kutembeatembea.

Akaingia. Mwalimu akageukia ukuta. Nikainuka, nikamwamkia, naye akanipokea kama aliyeniacha jana.

"Kamwene, mwanangu. Umesoma, wanasema."

"Kidogo, mama."

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

Akakaa. Msichana akaja akajilaza kwenye mapaja yake, na bibi akaanza kumfuta magoti kwa ncha ya kanga, bila haraka. "Muulize mwenzio," alisema. "Safari hii vipi? Anatazama, au anaacha?"

Mwalimu alijibu kabla sijageuka. "Mwambie mama sijui. Niliacha, na huyu yupo. Sijui kama yupo kwa sababu niliacha. Nimelifikiria miaka yote, sijui."

"Nimesema siongei na ukuta," alisema mama mkwe. "Na sasa simuulizi yeye. Nakuuliza wewe. Wewe ndiye umekwenda huko wanakojua. Binti yangu amelala mle ndani, anasikia. Atazame au aache?"

Mama yule aliyekuwa akicheka na kushika ubavu alikuwa kimya kabisa.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na zaidi ya jibu: nilikuwa na mhadhiri wa fizikia, na mwanga uliotoka huko zamani sana usioweza kumdhuru wala kumfaa mtu. Niliufungua mdomo ili niseme kwamba atazame kwa raha zake, hakuna uhusiano. Msichana alikuwa amegeuza uso juu ya mapaja ya bibi yake na kunitazama, akisubiri nimalize ili aendelee kucheza.

"Aache kwanza, mama," nilisema. "Aache mpaka mgeni atoke."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa mara moja, akaenda chumbani kwa binti yake. Yule waliyekuwa wanamngojea alifika salama, nilisikia baadaye, naye alikuwa wa kiume. Lakini hilo halikunisaidia hata kidogo kujua kama siku ile nilijibu vizuri.

Tulibaki wawili. Mwalimu wa Sayansi alikuwa bado ameukabili ukuta, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kumgeukia. Uso wake sikuuona. Niliona mabega tu, yakishuka polepole, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo, au kama ya mtu aliyekuwa amengoja toka Iringa hadi Mbeya rafiki yake arudi amwambie neno jingine. Kwa nyuma, mabega hayo yanafanana.